Sauti Mbili Katika Kinywa Kimoja: Vokoda na Matamshi ya Kiswahili kwa Mfano wa Jina Mgogoni

1.0 Utangulizi

Mwaka 1928 una nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili. Mwezi Machi mwaka huo Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika santuri. Mwezi Juni wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo, mbali kabisa na mwambao, mhandisi Homer Dudley wa maabara ya Bell nchini Marekani alianza kutafuta njia ya kupitisha usemi katika nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, nyaya ambazo hazikuwa na nafasi ya kubeba sauti nzima ya mtu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa chombo kiitwacho vokoda.

Matukio hayo matatu hayakuhusiana. Hata hivyo, yote yalijibu swali moja: katika sauti ya mtu, kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe? Santuri ilihifadhi sauti ya Siti kwa kadiri sindano ya siku zile ilivyoweza. Usanifishaji ulihifadhi lahaja moja kwa ajili ya vitabu na shule, na lahaja nyingine, Kipemba kikiwemo, zikabaki vinywani mwa wenyewe. Vokoda nayo ilihifadhi umbo la matamshi na kuacha mengineyo.

Mhadhara huu unaeleza namna vokoda inavyofanya kazi na jinsi inavyoyapokea matamshi ya Kiswahili. Mfano mkuu ni jina la mahali, Mgogoni, kisiwani Pemba. Hoja inayojengwa ni kwamba vokoda hutenganisha maneno na mahadhi, na kwamba mpaka huo si mgeni kwa wajuzi wa ushairi wa Kiswahili. Lakini mpaka huo una gharama, na anayejali lahaja hana budi kuijua gharama hiyo, kwa sababu mbinu za vokoda zilikwisha kutoka maabara na studio za muziki, zikaingia katika simu ya mkononi.

2.0 Chanzo na Chujio

Ili vokoda ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke sauti ya binadamu. Mfano ulio karibu ni zumari. Mpigaji anapopuliza, ulimi mwembamba wa zumari hutetema. Ulimi huo ukichomolewa na kupulizwa peke yake, hutoa mlio mkavu usio na utamu. Ukirudishwa mahali pake, mwili wa zumari huikuza baadhi ya mitetemo na kuififisha mingine, na hapo ndipo sauti ya zumari inapopatikana. Ulimi ni chanzo. Mwili wa zumari ni chujio.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa mpango huo huo. Mkondo hewa utokao mapafuni huzitetemesha nyuzi sauti, na mtetemo huo ni chanzo. Koo, kinywa na pua ni chujio. Tofauti ni kwamba chujio cha zumari ni kigumu, lakini chujio cha mtu hubadilika umbo kila mara ulimi unapopanda, midomo inapoviringwa au kaakaa laini linaposhuka na kuifungulia hewa njia ya puani.

Uhuru wa chanzo na chujio unaweza kuthibitishwa na mtu yeyote bila chombo. Mwimbaji anaweza kuziimba irabu zote tano za Kiswahili, a, e, i, o, u, kwa kidatu kimoja kisichopanda wala kushuka. Hapo chanzo kimetulia na chujio kinabadilika. Anaweza pia kuishika irabu moja na kuipandisha na kuishusha katika vidatu vingi. Hapo chujio kimetulia na chanzo kinabadilika. Msikilizaji hukosei kutambua irabu katika hali zote mbili, kwa sababu utambulisho wa irabu umo katika chujio.

Tofauti hizo zinapimika. Kwa mwanamume mzima, irabu o hukuza zaidi mitetemo iliyo karibu na 500 na 900 kwa sekunde. Irabu i hukuza mitetemo iliyo karibu na 300, kisha huruka hadi ile iliyo zaidi ya 2,000. Sauti za watu hutofautiana, lakini mpangilio wa juu na chini hubaki vile vile, na ndio unaoliwezesha sikio kutenganisha kozi na kizi.

Kuna pia sauti ambazo chanzo chake si nyuzi sauti. Katika s, f na sh, nyuzi sauti hazitetemi. Hewa husukumwa katika upenyo mwembamba na kufanya mchakato, mfano wa upepo katika makuti. Wanafonetiki huziita sauti sighuna, na zile zinazotumia mtetemo wa nyuzi sauti huziita sauti ghuna. Mgawanyo huu wa zamani katika isimu ndio pia mgawanyo wa kwanza uliojengwa ndani ya vokoda.

3.0 Namna Vokoda Inavyofanya Kazi

Dudley alitambua kwamba, ingawa sauti ya mtu hutetema mara mamia na maelfu kwa sekunde, viungo vinavyoiumba huenda polepole. Ulimi na midomo haviwezi kubadili umbo zaidi ya mara chache katika sekunde moja. Kwa hiyo habari iliyomo katika usemi ni ndogo kuliko mtetemo unaoibeba. Katika makala yake ya mwaka 1940 aliulinganisha usemi na utangazaji wa redio: mlio wa koo ni wimbi linalobeba, na mwendo wa kinywa ni ujumbe uliobebwa.

Kutokana na wazo hilo aliunda mashine yenye pande mbili. Upande wa kwanza huchambua. Usemi huingia na kugawanywa katika mikanda ya masafa kwa kutumia machujio kumi, kuanzia mitetemo ya chini hadi ile iliyo karibu na 3,000 kwa sekunde. Katika kila mkanda mashine hupima jambo moja tu: nguvu iliyopo wakati huo. Vipimo hivyo hubadilika polepole, si zaidi ya mara 25 hivi kwa sekunde. Kipimo kingine hueleza kama sauti ni ghuna au sighuna, na kama ni ghuna, kidatu chake ni kipi. Usemi wenyewe haupelekwi popote. Vinavyopelekwa ni vipimo.

Upande wa pili huunda. Humo mna vyanzo viwili vya umeme, kimoja cha mlio mkavu na kingine cha mchakato, pamoja na machujio kumi yanayolingana na yale ya upande wa kwanza. Kila kipimo kinachofika hufungua au kufunga chujio chake kwa kiasi kilichoamriwa. Mlio mkavu ukipita katika machujio yanayofunguka na kufungika kwa kufuata kinywa cha msemaji, maneno husikika.

Mwaka 1939, katika maonyesho ya dunia ya New York, upande huo wa pili ulionyeshwa kwa umma kwa jina la Voder. Badala ya kuongozwa na sauti ya mtu, uliongozwa na vidole vya wanawake waliofunzwa kwa muda mrefu. Vidole kumi vilitawala mikanda kumi, kifundo cha mkono kilichagua baina ya mlio na mchakato, na mguu ulipandisha na kushusha kidatu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vokoda ilipewa kazi ya siri. Mtambo ulioitwa SIGSALY, wenye uzito wa takriban tani 50, ulianza kutumika Julai 1943 baina ya Washington na London. Vipimo vya vokoda vilichanganywa na makelele yaliyorekodiwa katika santuri, na mpokeaji aliyekuwa na santuri ya namna hiyo hiyo ndiye peke yake aliyeweza kuyaondoa makelele na kusikia maneno.

Wanamuziki waliona uwezekano mwingine. Ikiwa machujio yanafuata kinywa cha msemaji, hakuna ulazima wa kupitisha ndani yake mlio mkavu wa mashine. Sauti yoyote inaweza kupitishwa: kinanda cha umeme, fidla, ngoma, hata mngurumo wa bahari. Mwaka 1970 Robert Moog na Wendy Carlos waliunda vokoda ya muziki yenye mikanda kumi, na mwaka 1971 kazi yao ikasikika katika filamu A Clockwork Orange. Mwaka 1974 kundi la Kraftwerk la Ujerumani liliitumia vokoda katika Autobahn. Kufikia mwaka 2002 sintesaiza ndogo ya Korg, microKORG, iliuzwa ikiwa na vokoda ya mikanda minane ndani yake.

Katika matumizi hayo kuna sauti mbili. Ya kwanza inaweza kuitwa sauti mfinyanzi: ni usemi unaoingia katika kipaza sauti na kuamuru umbo. Ya pili ni sauti mbebaji: ni udongo unaofinyangwa. Si kila udongo hufaa. Sauti mbebaji inapaswa kuwa na mitetemo mingi, ya chini na ya juu, ili kila chujio lipate kitu cha kupitisha. Katika ala za taarabu, nai ni mbebaji dhaifu, kwa kuwa sauti yake laini ina mitetemo michache ya juu, na machujio mengi yatafunguka bila kupata cha kutoa. Fidla na akodiani zina sauti pana zaidi. Zikipitishwa katika vokoda huweza kusemeshwa vizuri.

4.0 Jina Mgogoni Ndani ya Mashine

Sasa ichukuliwe kwamba mtu amesimama mbele ya kipaza sauti cha vokoda na kulitamka jina Mgogoni, huku mwenzake akishikilia sauti moja katika kinanda. Jina hili lina silabi nne, m-go-go-ni, na mkazo umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Lina kiambishi -ni cha mahali, kama yalivyo majina mengi ya vijiji vya mwambao na visiwani. Lakini sifa yake kubwa kwa mashine hii ni kwamba kila sauti yake ni ghuna. Tangu m ya mwanzo hadi i ya mwisho nyuzi sauti hutetema, na chanzo cha mchakato hakihitajiki hata mara moja.

Katika m midomo imefungwa na hewa inapita puani. Nguvu karibu yote imo katika mkanda wa chini kabisa. Mashine hufungua chujio hilo peke yake, na kinanda husikika kama kinachovuma kwa mbali. Kwa kuwa m hii ni silabi inayojitegemea, huchukua muda wa kutosha kupimwa. Ifikapo g, hata mkanda huo wa chini hupungua nguvu. Kisha o hufungua mikanda miwili au mitatu ya chini kwa pamoja, na kinanda hutoa sauti ya duara. Katika n mikanda hujifunga tena, isipokuwa ule wa chini. Mwishoni i hufungua mkanda wa chini kabisa, huacha pengo katikati, na kufungua mikanda ya juu. Msikilizaji husikia kinanda kikisema Mgogoni.

Jina hili basi ni jepesi kwa vokoda. Majina mengine ya Pemba ni magumu zaidi. Chake Chake lina sauti sighuna katika kila silabi. Micheweni lina ch, na Wete lina t. Kila mara mashine hulazimika kuhama kutoka mlio hadi mchakato na kurudi, tena katika muda wa sehemu ndogo ya sekunde. Vokoda isiyo na chanzo cha mchakato, kama zilivyo baadhi ya zile za muziki zilizo rahisi, itayatamka majina hayo kana kwamba msemaji hana meno.

Hata katika Mgogoni kuna jambo linalofifia. Vipasuo ghuna vya Kiswahili, yaani b, d, j na g, hutamkwa na wasemaji wengi kwa kuteremsha koo kidogo na kuvuta hewa kwa ndani, jambo lililoelezwa na Tucker na Ashton mwaka 1942. Vikitanguliwa na nazali isiyo silabi hewa hutolewa nje. Ndiyo maana mbuni, mti wa buni, si sawa na mbuni, ndege wa nyikani. La kwanza lina silabi tatu na b ya kuvuta ndani. La pili lina silabi mbili na b iliyoshikamana na m. Vokoda itahifadhi tofauti ya urefu wa m, kwa kuwa urefu unapimika. Lakini mvuto wa hewa, ambao ni badiliko dogo na la haraka katika mtetemo wenyewe, haumo katika orodha ya mambo yanayopimwa. Neno litaeleweka, lakini namna ya kinywa kilicholisema itakuwa imeachwa nyuma.

5.0 Konsonanti Zilizo Hatarini

Katika lahaja nyingi za mwambao na visiwani, mpumuo hutofautisha maana. Paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. Paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Tembo la mnazi halina mpumuo. Tembo mwenye mkonga anao. Kaa la moto halina. Kaa wa pwani anao. Maandishi sanifu hayauonyeshi mpumuo, na wasemaji wengi waliojifunza Kiswahili shuleni hawautamki. Unaishi kwa sikio na kinywa tu.

Mpumuo ni mchakato mfupi unaotokea baada ya kipasuo kuachiwa na kabla ya nyuzi sauti kuanza kutetema. Hudumu kwa sehemu chache tu za mia za sekunde. Mashine inayopima mara 25 kwa sekunde hutumia sehemu nne za mia kwa kila kipimo. Mpumuo unaweza kumezwa baina ya vipimo viwili, na paa akarudi kuwa paa la nyumba. Vokoda zilizotengenezwa baadaye, zenye mikanda mingi na vipimo vya haraka, hupunguza hasara hiyo, lakini haziiondoi yenyewe bila ya mtumiaji kujua la kutafuta.

Hali ni kama hiyo kwa vikwamizo. Kufuta na kusuta ni vitendo viwili visivyofanana hata kidogo, na thamani si samani. Yanayotofautisha f, s na th yamo kwa sehemu kubwa katika mitetemo ya juu ya 3,000 kwa sekunde, yaani juu ya mpaka wa mashine ya Dudley. Sikio hutegemea muktadha kujaza pengo. Kwa jina la mtu au la mahali lisilofahamika, muktadha haupo.

6.0 Maneno na Mahadhi

Hasara kubwa zaidi ya vokoda ya muziki si ya konsonanti bali ya kidatu. Mpanda na mshuko wa sauti ya msemaji hauhesabiwi kabisa; kidatu kinachosikika ni kile cha mpiga kinanda. Katika lugha za toni, kama Kihaya na Kichaga, hasara hiyo hugusa maana ya maneno. Kiswahili hakina toni ya maneno, na kwa hiyo huvumilia zaidi. Uvumilivu huo una kikomo. Kauli "Amefika Mgogoni" na swali "Amefika Mgogoni?" huwa na maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, na katika mazungumzo ya kila siku kinachozitenga ni kiimbo tu. Kinanda kikishikilia sauti moja, msikilizaji hawezi kujua kama ameambiwa au ameulizwa. Mpiga kinanda akipandisha kidatu mwishoni, swali hurudi, lakini sasa ni yeye aliyeuliza, si mwenye kinywa.

Mfano wa kinyume cha vokoda unapatikana Kongo ya mashariki. Walokele wanaoishi kandokando ya mto karibu na Kisangani walipelekeana habari kwa ngoma ya gogo lililochimbwa mvungu, yenye mdomo wa sauti ya juu na mdomo wa sauti ya chini. John Carrington, mmishonari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, alizieleza ngoma hizo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Lugha yao ni ya toni, na ngoma hubeba toni hizo huku ikiacha irabu na konsonanti zote. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hurefusha kila neno kuwa fungu zima la maneno hadi utata uondoke. Ngoma ya Walokele huhifadhi chanzo na kuacha chujio. Vokoda huhifadhi chujio na kuacha chanzo. Kila moja imefanikiwa kwa kuchukua nusu ya usemi, na kila moja humtaka msikilizaji aikamilishe nusu ya pili.

Wajuzi wa ushairi wa Kiswahili wataitambua nusu hiyo. Shairi la jadi lina mizani, ambayo ni hesabu ya silabi, na vina, ambavyo ni mlingano wa sauti. Vyote viwili ni kazi ya chujio, na vyote hupita katika vokoda bila kuharibika. Lakini shairi hutungwa liimbwe, na uimbaji ni mahadhi. Mahadhi ni ya chanzo. Vokoda humwondolea muimbaji mahadhi na kumkabidhi mwingine, kwa namna ambayo maneno ya mmoja hutembea juu ya sauti ya mwenziwe. Mtu anaweza kufurahia uwezo huo kama fani mpya ya majibizano, mmoja mwenye maneno na mmoja mwenye kinanda, wakilazimika kusikilizana. Hilo ni jambo la kisanaa lenye heshima yake.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyo mmoja. Sauti za kukwaruza na kurukaruka zinazosikika katika nyimbo nyingi za bongo fleva mara nyingi huitwa vokoda, lakini aghalabu ni zao la Auto-Tune, programu iliyotolewa mwaka 1997. Programu hiyo huiacha sauti ya mwimbaji pamoja na chujio lake, ila huvisogeza vidatu vyake hadi vilingane na noti zilizo karibu. Vokoda haisahihishi kidatu. Hukitupa na kuweka kingine.

7.0 Kutoka Kinanda Hadi Simu

Yaliyosemwa hadi hapa yangeweza kuonekana kuwa ni mambo ya studio. Sivyo. Simu za mkononi za GSM zilizoenea Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1990, na visiwani zaidi baada ya Zantel kuanzishwa mwaka 1999, hutumia wazo lile lile la kutenganisha chanzo na chujio. Simu ya kawaida ya waya ikigeuzwa kuwa tarakimu huhitaji biti 64,000 kwa sekunde. Mfumo wa awali wa GSM ulitumia biti 13,000 tu, takriban moja ya tano. Usemi ulikatwa vipande 50 katika kila sekunde. Kwa kila kipande simu ilikokotoa umbo la chujio la kinywa, ikaongeza maelezo mafupi ya chanzo, ikatuma hesabu hizo. Simu ya upande wa pili ilijenga usemi upya. Mfumo huo si vokoda kamili, kwa kuwa hupeleka pia sehemu ya mtetemo wa chanzo, na ndiyo sababu sauti ya ndugu hutambulikana. Lakini ni wa ukoo wa vokoda.

Kwa hiyo mtu wa Mgogoni aliyempigia nduguye aliyeko Maskati, Dubai au London hakusikiwa yeye hasa. Ndugu alisikia sauti iliyofinyangwa upya ndani ya kiganja chake kwa kufuata maagizo yaliyotoka Pemba. Mapenzi, salamu na habari za msiba zilifika. Mpumuo wa paa huenda haukufika, na s ilifika ikiwa imefifia. Mifumo iliyofuata ilipanua nafasi: ule uliosanifishwa mwaka 2001 hupitisha mitetemo kutoka 50 hadi 7,000 kwa sekunde, badala ya kuishia karibu na 3,400, na humo vikwamizo husikika vizuri zaidi.

Jambo hili lina uzito katika taaluma za Kiswahili kwa sababu kumbukumbu za lahaja zinaweza kukusanywa kwa simu. Mtafiti humpigia mzee, huhifadhi mazungumzo, kisha huyaandika. Akiandika kwamba mzee hatofautishi paa na paa, anaweza kuwa ameandika tabia ya mashine kwa jina la mzee. Kosa la namna hiyo ni gumu kugundulika, kwa kuwa rekodi ipo na kila mtu anaweza kuisikiliza, na kila atakayesikiliza atasikia kosa lile lile.

Uzito huo unaongezeka katika mashine za kusema. Programu zinazosoma maandishi kwa sauti hukamilisha kazi yao kwa hatua ambayo wahandisi bado huiita vokoda. Tangu WaveNet ilipotangazwa mwaka 2016, hatua hiyo imefanywa na mitandao inayojifunza kutokana na rekodi za watu, na hasara nyingi zilizotajwa juu zinaweza kuepukwa. Lakini mashine hujifunza kile inachosikilizishwa. Ikilishwa Kiswahili sanifu peke yake, au rekodi zilizokwisha kupita simuni, itasema Kiswahili kisicho na Kipemba ndani yake, na itakisema kwa ufasaha utakaowafanya watoto wa Pemba wadhani kwamba babu zao ndio waliokosea.

8.0 Hitimisho

Kipemba kimekwisha kufanyiwa kazi za thamani. Mwaka 1958 ilichapishwa kazi ya W. H. Whiteley kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba. Mashairi ya Kamange na Sarahani, watunzi wakubwa wa Pemba wa karne ya 19, yalichapishwa mwaka 2011 yakihaririwa na Abdilatif Abdalla. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili Zanzibar lilitoa kamusi ya lahaja ya Kipemba. Kazi hizo zimehifadhi maneno, mizani na vina. Sauti za Kamange na Sarahani hakuna aliyezitia katika santuri. Kalamu nayo, ikitazamwa kwa jicho la Dudley, ni vokoda: huchukua umbo la maneno, huacha mahadhi, na humtaka msomaji alete sauti yake mwenyewe.

Tofauti ni kwamba wa leo wana hiari ambayo wahifadhi wa jana hawakuwa nayo. Rekodi ya lahaja inaweza kufanywa ana kwa ana, bila kubanwa, kwa vipimo 44,100 katika kila sekunde na biti 16 kwa kila kipimo, na kinasa sauti cha bei ya kadiri kinatosha. Orodha ya maneno isiwe ya msamiati mgeni tu. Iwe na jozi kama paa na paa, mbuni na mbuni, kufuta na kusuta. Pawe na kauli na swali lenye maneno yale yale. Pawe na shairi lililoghaniwa pamoja na lililosomwa. Msemaji aulizwe ridhaa yake, na jina la kijiji chake litajwe kwa matamshi yake mwenyewe. Rekodi asili ihifadhiwe, na nakala zilizobanwa ndizo zitumiwe kwa kusambaza.

Baada ya hapo vokoda inaweza kuruhusiwa kufanya kazi yake. Kinanda kiseme Mgogoni, fidla ijibizane nacho, na vijana wa visiwani waunde muziki ambao Dudley hakuuwaza. Udongo unafinyangwa bila hofu pale ambapo chungu cha kwanza kimewekwa mahali salama.